Tuache kuling'oa waridi la jangwani

Siku hizi mtu akipita mbele ya hoteli na nyumba za wenye uwezo, kuanzia Nyeri mjini hadi Nanyuki na Meru, hakosi kuona chungu kimoja au viwili vilivyopandwa mmea wa ajabu. Shina lake limefura chini mithili ya kibuyu, matawi yake ni mafupi na yamepindapinda, na kwenye ncha za matawi hayo huchanua maua mekundu-mekundu ambayo katikati hufifia hadi kuwa meupe. Mmea huo huitwa waridi la jangwani. Si waridi hata kidogo. Ni wa ukoo mmoja na oleanda, na kama oleanda, utomvu wake ni sumu.

Nimeona niandike juu ya mmea huu kwa sababu naamini sisi wakazi wa miji inayouzunguka Mlima Kenya tunaukosea mara mbili. Tunaukosea kwa kuung'oa kutoka nchi kavu ulikozaliwa, kisha tunaukosea kwa kuuua tukidhani tunaulea. Simnyoshei mtu kidole, ndugu msomaji, maana makosa yote mawili nimeyatenda mimi mwenyewe, tena katika mwaka mmoja.

Ilikuwa Januari ya 2022. Nilikuwa nimetoka Marsabit kwa shughuli za jamaa, na gari letu lilisimama kando ya barabara, kusini kidogo ya Archer's Post, ili dereva aangalie gurudumu. Hapo palikuwa na vijana watatu waliopanga mimea hiyo ardhini kama viazi vikuu sokoni. Mizizi ilikuwa imekatwa kwa panga na majeraha yalikuwa bado yanatoa utomvu mweupe. Nilichagua mmoja ambao shina lake sikuweza kulikumbatia kwa viganja viwili. "Huu ni wa zamani, mzee wangu," kijana alinisifia bidhaa yake. "Huu hata babu yangu aliukuta." Nililipa bila kujadiliana sana, nikajiona nimepata dafina.

Nyumbani kwangu ni Kieni, si mbali na Naro Moru. Niliuchimbia shimo mbele ya nyumba katika udongo wetu mwekundu, nikatia samadi debe zima, nikawa ninaumwagilia kila jioni. Hadi Mei ulitoa majani na hata maua machache. Juni ilipoingia na ukungu wa mlimani ukashuka, majani yakaanza kuwa ya manjano na kupukutika. Nilidhani una kiu. Nikaongeza maji. Mke wangu aliniambia, "Mwalimu, mbona mti wenyewe unanuka?" Nilipolibonyeza shina kidole kilizama kama ndani ya papai lililoiva kupita kiasi. Kufikia Agosti nilikuwa nimeutupa kwenye shimo la takataka, mmea ambao ulikuwa umestahimili miaka mingi ya ukame bila msaada wa mwalimu yeyote.

Ningalisahau jambo hilo kama nisingepita njia ile ile mwaka uliofuata. Safari hii niliteremka makusudi, nikapanda kilima kidogo kilicho nyuma ya pale walipokuwa wameketi wale vijana. Nilikuta mashimo. Sikuyahesabu yote, lakini yalikuwa mengi kuliko mimea iliyosalia. Mzee mmoja aliyekuwa akichunga mbuzi alinitazama kwa muda, akaniuliza natoka wapi. Nilipomjibu kuwa natoka upande wa mlima, alicheka kicheko ambacho hakikuwa na furaha. "Ninyi wa mlimani," alisema, "maji mnayachukua huko juu, na sasa mnakuja kuchukua na maua huku chini."

Sikuwa na jibu. Makala haya ndiyo jaribio langu la kumjibu, ingawa sidhani kama atayasoma.

Kwanza tuujue mmea wenyewe. Jina lake la kitaalamu ni Adenium obesum. Sehemu ya kwanza inatokana na bandari ya Aden, na ya pili maana yake ni nene. Mtu wa kwanza kuueleza kisayansi alikuwa Peter Forsskål, msomi aliyefika Yemen katika msafara uliotumwa na mfalme wa Denmark, akafia huko kwa malaria mwaka 1763. Maandishi yake yalichapishwa mwaka 1775, baada ya kifo chake. Lakini wenyeji hawakumngoja Forsskål. Mmea huu unaenea kuanzia Senegali, ukikatiza nchi kavu za kusini mwa Sahara, hadi Somalia na Uarabuni, na hapa kwetu unapatikana Samburu, Isiolo, Baringo, Tsavo na pwani. Wahadzabe wa kando ya Ziwa Eyasi nchini Tanzania hutumia utomvu wake kutia sumu kwenye mishale ya kuwindia. Sumu hiyo hushambulia moyo, na mbuzi wa yule mzee walikuwa wakipita kando ya mimea hiyo bila kuigusa.

Inafaa kuongeza hapa kwamba Waasia wametuzidi kwa mbali. Wakulima wa Thailand na Taiwan wamelichukua ua hili, wakalizalisha kwa uteuzi na uchanganyaji hadi likawa na rangi ambazo Samburu haijapata kuziona, jeusi-jekundu, la manjano, na mengine yenye petali zilizorundikana kama za waridi la kweli. Nchini Indonesia lilizua wazimu wa biashara mwanzoni mwa karne hii, na huko, ajabu ya Musa, jina lake linalihusisha na Japani. Nimewahi kuona Nairobi pakiti ya mbegu kumi iliyoandikwa kwamba inatoka Thailand, na bei yake ilinifanya nirudishe pakiti hiyo mahali pake polepole. Mwafrika kununua mbegu za mmea wa kwao kutoka ng'ambo si dhambi. Lakini ni jambo la kutufikirisha kwamba wale walioupokea kama mgeni waliamua kuupanda, ilhali sisi wenyeji tumeamua kuung'oa.

Kuna sababu nyingine ya kutoung'oa ambayo watu wengi hawaijui, na mimi pia sikuijua. Aghalabu mmea mmoja wa waridi la jangwani haukubali chavua yake wenyewe. Sharti chavua itoke kwa mwenzake, ikiletwa na wadudu, na ndipo hufanyika ganda, au tuseme maganda mawili yanayotokea pamoja kama pembe za swara. Ganda likikauka hupasuka, na kila mbegu iliyo ndani ina kishungi cha nywele laini kila upande ili upepo uibebe. Sasa fikiria kilima ambacho kilikuwa na mimea thelathini, wakaja wachimbaji mwaka hadi mwaka, wakabakiza mmoja mbovu asioutaka mnunuzi. Mmea huo utachanua kila mwaka na utapendeza macho ya wapita njia. Lakini mbegu hautatoa. Kilima kimekwisha kufa ilhali bado kina ua.

Kwa hiyo dawa ni kuotesha. Nilirudi Isiolo nikapata maganda kwa mama mmoja aliyekuwa na mimea minne uani mwake, naye aliyafunga maganda kwa uzi kabla hayajapasuka ili mbegu zisipeperushwe. Alinipa mbegu ishirini na hakutaka malipo. Nilizipanda Februari ya 2023, wakati wa joto letu kubwa, na zikaota kumi na nne katika muda wa siku kumi. Baridi ya Julai iliniulia tano. Nyingine mbili zilioza kwa makosa yangu. Saba zinaishi hadi leo, na mmoja kati yao ulitoa maua yake ya kwanza Machi ya 2025. Ilinichukua miaka miwili kupata maua matatu, na sijapata kuona maua yaliyonipa fahari kama hayo.

Maadamu nimekwisha kulipa ada ya ujinga, sitakuwa mchoyo wa kueleza niliyojifunza. Nitajikita katika hali ya huku kwetu, maana mengi yaandikwayo juu ya mmea huu yameandikwa na watu wa nchi za joto.

Adui wa waridi la jangwani mlimani si ukame. Ni baridi iliyoambatana na maji. Mji wa Nyeri uko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, Nanyuki unakaribia mita 2,000, ilhali Archer's Post haifiki hata 1,000. Joto likishuka chini ya nyuzi kumi za Selsiasi mmea huu hupumzika: huacha kunywa, huangusha majani na kungoja. Ukiumwagilia ukiwa katika usingizi huo, maji hukaa kwenye mizizi isiyoyataka na uozo huanza chini kwa chini, mahali usipopaona. Jalidi ya usiku mmoja, kama ile ishukayo mara moja moja sehemu za juu za Kieni, inatosha kuuangamiza kabisa.

Kutokana na hilo, mtu wa Nyeri, Othaya, Karatina au Naro Moru asiupande ardhini. Aupande chunguni, ili aweze kuuhamisha. Chungu cha udongo ni bora kwa sababu kinapumua, lakini hata sufuria kuukuu au debe lililotobolewa matundu mengi litafaa. Udongo wetu mwekundu unashika maji mno. Mimi huchanganya mafungu mawili ya mchanga wa mto ulio mkavu na wenye chenga, fungu moja la kokoto ndogo au yale mawe mepesi ya volkeno, fungu moja la vipande vya makaa, na fungu moja tu la samadi iliyooza sawasawa. Ukimwaga maji juu, yaonekane yakitoka chini kabla hujahesabu hadi ishirini. Yasipotoka, ongeza mchanga.

Kuanzia Januari hadi Machi, na tena Septemba jua linaporudi, umwagilie maji mengi kwa mara moja, kisha uuache hadi udongo ukauke kabisa ndipo uumwagilie tena. Kijiti kikavu kinachochomekwa hadi chini kitakwambia. Kikitoka na udongo uliong'ang'ania, ngoja. Mvua ndefu na mvua fupi zinaponyesha, chungu kikae chini ya paa. Na katika msimu wa baridi ambao Wakikuyu huuita gathano, yaani Juni, Julai na Agosti, mimi huupa mmea mkubwa kikombe kimoja cha maji kwa mwezi, wakati mwingine hata hicho siutoi. Majani yakianguka, yaache yaanguke. Kazi yako katika miezi hiyo ni kushika mkono wako.

Kuna jambo dogo la mahali pa kuuweka ambalo lilinichukua muda kulielewa. Sisi tuko kusini kidogo tu ya mstari wa ikweta, nayo Nanyuki iko juu yake. Mwezi wa Juni na Julai jua linapita upande wa kaskazini. Ukuta unaotazama kaskazini ndio unaopata jua lolote litakalopenya ukungu, na kama ni ukuta wa mawe utahifadhi joto hilo hadi usiku. Tangu nihamishie vyungu vyangu huko, sijapoteza mche hata mmoja kwa baridi.

Kuhusu wadudu sina mengi. Vidukari hupenda machipukizi na vitumba vya maua. Maji yenye sabuni kidogo huwatosha. Shina likianza kulainika, lichimbue mara moja, likate kwa kisu safi hadi uone nyama nyeupe isiyo na doa, liache likauke kivulini kwa wiki nzima kabla ya kulirudisha kwenye mchanga mkavu. Osha mikono na kisu baada ya kazi hiyo, na watoto wakae mbali. Nimesema utomvu ni sumu, na sikusema kwa mzaha.

Sasa turudi kwa yule mzee na kauli yake, kwa sababu hakusema juu ya maua tu.

Mito ya Naro Moru, Burguret, Nanyuki, Likii na Timau inateremka kutoka mlimani na hatimaye maji yake huingia katika Ewaso Ng'iro, ambao unapita Archer's Post, katikati ya mbuga za Samburu na Buffalo Springs, na kuelekea kinamasi cha Lorian. Wafugaji wa huko chini hawana mto mwingine. Mwaka wa 2009, wakati wa ukame mkali, Ewaso Ng'iro ulikauka katika sehemu za Samburu na mizoga ikatapakaa. Kati ya 2020 na mwanzo wa 2023 misimu mitano ya mvua ilikosekana mfululizo katika nchi kavu za kaskazini, jambo ambalo halikuwa limeonekana kwa muda wa miaka arobaini. Huko mtu alitembea siku nzima kutafuta maji ya kunywa. Huku juu, katika mwezi ule ule wa Januari nilioununua mmea wangu, nilikuwa ninaona mipira ya maji ikinyunyizia nyasi za ua kuanzia asubuhi hadi saa sita.

Sikusudii kusema kwamba nyasi za ua wa hoteli ndizo zilizokausha Ewaso Ng'iro. Wataka hesabu ya kweli watatazama mashamba makubwa ya mboga na ya waridi halisi, lile la kusafirishwa Uholanzi kwa ndege, watatazama mifereji ya wakulima wadogo kama sisi wa Kieni ambao tuko katika kivuli cha mvua cha mlima na hatuna namna ya kulisha watoto bila kunyunyizia, na watatazama misitu iliyokatwa kwenye chemchemi. Sheria ya Maji ya 2002, na ile ya 2016 iliyochukua nafasi yake, zimetambua vyama vya watumiaji maji, na katika bonde hili vyama hivyo vimezuia mapigano mengi kwa kugawana siku za kufungua mifereji. Katika chama chetu nimeketi mikutano mirefu ya kubishana juu ya nusu siku ya maji ya viazi. Viazi ni chakula. Lakini sijasikia hata mara moja mtu akiulizwa ua lake la mapambo hunywa kiasi gani.

Hilo ndilo ninaloliona kuwa kinaya kikubwa. Tunalileta ua la nchi kavu hadi huku, tunalisifu mbele ya wageni kwamba linavumilia ukame, halafu tunalipanda katikati ya nyasi zinazonyeshewa kila siku, na linakufa kwa wingi wa yale maji ambayo kwao yamekosekana. Mtu aliyeamua kuwa na mmea usiohitaji maji alipaswa kuwa amefunga bomba. Kama hataki kufunga bomba, basi apande kile kinachopenda maji, wala asimtoe mgeni kwao.

Simaanishi kwamba kila ua wa Nyeri ugeuzwe jangwa. Waridi la jangwani, kama nilivyoeleza, halitastawi ardhini huku kwa sababu ya baridi. Litabaki kuwa mmea wa chunguni na barazani. Lakini kwa ua wenyewe tunayo mimea mingine ya nchi kavu inayostahimili baridi yetu: mishubiri ya aina nyingi ambayo maua yake mekundu huwaita chozi, na leleshwa, ambayo imejaa Laikipia na ambayo tumezoea kuidharau kwa vile haikuja na meli. Marehemu Wangari Maathai, binti wa Ihithe hapo hapo Nyeri, alipopata habari ya Tuzo ya Nobel tarehe 8 Oktoba 2004, alipanda mti katika uwanja wa hoteli mjini Nyeri akiutazama mlima, na mti aliouchagua ulikuwa ule wa maua mekundu ya Nandi. Alikuwa na miti ya dunia nzima ya kuchagua. Alichagua wa Afrika.

Najua nitakayojibiwa kuhusu wale vijana wa barabarani. Nitaambiwa kwamba wana njaa, kwamba mifugo yao ilikufa, na kwamba shilingi mia tano ya ua moja ni unga wa siku kadhaa. Ni kweli tupu, na ndiyo maana sipendi kuwasikia watu wa mjini wakiwaita wezi, hasa watu wenye vyungu vyao barazani. Pasipokuwa na mnunuzi hapana mchimbaji. Njaa yao ni ya haki, lakini biashara yenyewe haina umri mrefu: kila mmea unauzwa mara moja, kisha panabaki shimo. Tuna mfano wa jambo hili. Mshubiri mwitu ulipoanza kuvunwa ovyo kwa ajili ya utomvu wake, amri ya Rais ilipiga marufuku uvunaji huo mwaka 1986, na ikawa anayetaka kuvuna sharti awe amepanda. Marufuku pekee haikumaliza biashara ya magendo, na sina hakika kama marufuku nyingine ingefaa kitu kwa waridi la jangwani. Ninachopendekeza ni rahisi zaidi.

Isiolo na Archer's Post zina kitu ambacho mimi huku Naro Moru sina hata ningelipa, nacho ni joto. Mbegu iliyonichukua miaka miwili kuifikisha kwenye ua, kule ingechukua takriban mwaka mmoja. Yule mama aliyenipa mbegu ana vitalu vinne tu uani mwake na tayari ana miche mingi kuliko anavyoweza kuitunza. Kama serikali za kaunti za Isiolo na Samburu zingeweza kuwapa vikundi vya vijana na akina mama mabomba ya matone, mifuko ya kuoteshea na mtaalamu mmoja wa kuwatembelea, miche ingeteremka, au niseme ingepanda, hadi soko la Nanyuki, Nyeri, Meru na Nairobi kila mwaka bila kilima kuguswa. Mche uliooteshwa una mizizi yake mizima, kwa hiyo hauozi upesi kama ule uliokatwa kwa panga. Mnunuzi angepata mmea utakaoishi. Chuo cha mafunzo ya kilimo cha Wambugu, hapo Nyeri, kinaweza kabisa kutufundisha sisi wanunuzi namna ya kuulea, na katika maonyesho ya kilimo ya Kabiruini, pale ambapo kila mwaka tunapanga foleni kutazama kabeji kubwa, patengwe hata meza moja kwa ajili ya mimea ya nchi kavu.

Na mnunuzi naye anaweza kuanza leo bila kungoja kaunti yoyote. Ukisimamishwa barabarani, tazama chini ya shina. Mmea uliooteshwa huwa katika mfuko au mkebe, una mizizi myembamba mingi, na shina lake ni laini halina makovu. Uliong'olewa una jeraha bapa la panga, una makovu ya miaka, na muuzaji atakusifia ukubwa wake. Huo usinunue hata ukikupendeza vipi. Mwambie kijana kwa heshima kwamba utarudi kununua mche au ganda la mbegu, kisha urudi kweli, kwa maana ahadi za watu wa magari wamezisikia nyingi.

Miche yangu saba imejipanga kwenye ukuta wa kaskazini ninapoandika haya. Ule uliochanua Machi haukutoa ganda, kwa kuwa ulichanua peke yake. Mwingine sasa umeanza kufura kwenye ncha za matawi, na kama sijakosea hivyo ni vitumba. Nimekwisha kutafuta brashi nyembamba ya mtoto wa shule, ya kuhamishia chavua kutoka kwa mmoja hadi kwa mwingine, kwa sababu wadudu wa Samburu wanaoijua kazi hiyo sidhani kama wako Kieni. Maganda yakipatikana, nusu ya mbegu nitampelekea yule mama wa Isiolo. Nusu nyingine nitaipeleka kwenye kile kilima mvua zikikaribia, na ikiwa yule mzee bado anachungia huko, nitamwomba anionyeshe ni mashimo yapi yanayopata kivuli cha jiwe.